Glasi ya Saba

Saa mbili na nusu asubuhi Inspekta Kupe alikuwa akipanda ngazi za jengo la fizikia, boksi la vielelezo amelikumbatia kifuani, na nyuma yake Sajenti akihesabu vidato kwa sauti ili dunia nzima ijue anavyoteseka. Hilo jina la Kupe inspekta huyu wa kike alipewa na wenzake kituoni mwaka wake wa kwanza kazini, kwa kuwa akishaganda kwenye kesi habanduki. Walidhani atakasirika. Wapi! Alilipenda kuliko cheo chenyewe.

"Arobaini na tatu," Sajenti alihema, akiegemea ukuta. "Inspekta, nimebakiza miezi mitano nistaafu. Unataka nizikwe na sare?"

"Ukifa leo nani atanirudisha kituoni kabla ya saa kumi na moja?"

Saa kumi na moja ndiyo iliyokuwa imemkaa Kupe rohoni tangu jana. Mkuu wa kituo alikuwa amegonga jalada kwa kalamu akasema: niletee kitu kipya kabla ya saa kumi na moja jioni, vinginevyo kesho asubuhi mwanamke yule anasomewa shtaka la mauaji na mimi nageukia kazi nyingine. Mwanamke mwenyewe ni Mama Pacha, mjane, aliyekuwa akiishi na baba wa marehemu mumewe. Leo ilikuwa siku yake ya kumi na moja mahabusu. Pacha wake wa miaka mitatu walikuwa kwa jirani.

Alidaiwa kumwua mkwewe, Mzee Karani, kwa sumu. Na ushahidi dhidi yake ulikuwa rahisi kueleweka, huo ndio uliokuwa ubaya wake. Damu ya marehemu ilikutwa na dawa ya wadudu. Kopo la dawa hiyohiyo lilikuwa stoo, maana Mama Pacha alilima mboga uani. Chai ya mzee alipika yeye. Polisi walipofika, kikombe kilikuwa kimeshaoshwa, tena kimefunikwa kwenye kapu la vyombo. Maabara ya serikali ilikipima isione kitu, na mwendesha mashtaka akafurahi kama mtu aliyeona kitu. Ameosha ili afiche, alisema.

"Mimi nikinywa chai, mke wangu anaosha kikombe kabla sijameza," Sajenti alikuwa amemnong'oneza Kupe siku ile. "Naye tumkamate?"

Mlango wa mwisho kwenye korido ulifunguliwa na mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Wanafunzi wake walimwita Mama Pete, ingawa vidole vyake havikuwa na pete hata moja.

"Vueni viatu. Msishike meza. Na wewe baba, hiyo losheni uliyopaka mikononi naisikia kutoka hapa, kaa mbali na vitu vyangu."

"Ebo! Losheni nayo ni kosa?" Sajenti alirudi nyuma.

"Humu ndani ni kosa kubwa."

Mama Pete alichukua kibanio, akainua kitu cheusi kinachong'aa kilicholingana na ukucha wa kidole gumba. Akakiweka chini ya hadubini, akampisha Kupe. Kupe alichungulia. Aliona pete za dhahabu, ndogo ajabu, zimepangwa mistari kwa mistari mpaka macho yakachoka, na kila pete ilikuwa na mwanya mmoja upande wa juu.

"Jina lake la vitabuni ni metamateria," Mama Pete alisema. "Dhahabu ni ileile ya kila siku, ila umbo hilo la pete ndilo linaloipa tabia mpya. Sasa, umewahi kugonga glasi kwa kijiko?"

"Hulia."

"Ukitia maji ndani ukagonga tena?"

"Hulia kwa sauti nyingine. Inashuka."

"Basi umeshajua nusu ya kazi yangu. Kila pete hapa inavuma, ila haipigwi kwa kijiko, inapigwa kwa mwanga usioonekana kwa macho. Ikiwa tupu ina mvumo wake. Ikikaliwa na utando wa kitu, hata uwe mwembamba mara elfu kumi kuliko unywele, mvumo unashuka. Ukishuka sana, utando ni mnene. Ukishuka kidogo, ni mwembamba. Na juu ya hapo, kila molekuli ina sehemu yake ya mwanga inayoipenda, inaila. Kwenye mchoro utaona kibonde. Sabuni ina kibonde chake, mafuta chake, dawa ya wadudu chake."

"Maabara ya serikali hawakuona kitu."

"Hawakukosea. Mashine zao zinataka matone. Mimi nataka harufu ya tone."

Kupe aliweka boksi mezani, akajikumbuka, akaliinua upesi. Mama Pete alimwonyesha kigoda. Vielelezo vilikuwa vitatu: kikombe cha chai, glasi iliyokuwa kando ya kitanda, na meno ya bandia ya marehemu, seti ya juu na ya chini, yaliyotolewa kinywani mwake mochwari. Mkuu alikuwa amecheka alipoyaona kwenye orodha. Kupe hukusanya kila kitu, na hiyo ni tabia yake tangu zamani.

Mama Pete alianza na chipu tupu, mojawapo ya vile vipande vyeusi vyenye pete, akaidondoshea spiriti safi, akasubiri ikauke, akaitia mashineni. "Huyu ndiye shahidi wangu," alisema. "Ili kesho wakili asiniambie uchafu ulitoka kwenye spiriti." Mstari ulichorwa kwenye kompyuta, laini, una bonde moja tu pana la pete zenyewe. Kisha akasuuza kikombe kwa matone machache, akadondosha tone moja kwenye chipu ya pili.

Bonde lilihama. Hata Kupe aliliona likisogea kushoto.

"Kuna utando," Mama Pete alisema.

Sajenti aliguna kama aliyepigwa ngumi. Kupe alijilaani. Kumbe amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, kumkaanga mwanamke wa watu.

"Utando wa nini?"

"Usinikimbize." Mama Pete alishusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya puani. "Hiki ni kibonde cha mafuta ya maziwa. Hiki cha sabuni ya vyombo. Hapa ndipo ingekaa dawa yenu ya wadudu, na hapa pamenyooka kama rula."

"Kwa hiyo hakikuwa na sumu?"

"Kikombe kilichooshwa kwa mkono kikabaki na maziwa kingebaki na sumu pia, kwa sababu dawa hiyo inang'ang'ania kuliko maziwa. Nitaliandika hilo na nitalisema mbele ya hakimu. Lete meno."

Meno yalikuwa na bitana laini ya waridi ndani yake, ile inayoshika ufizi. Mama Pete aliisuuza hiyo bitana peke yake. Safari hii bonde liliruka, na pale mahali palipokuwa pamenyooka kama rula, palichimbika shimo.

Sajenti mwenyewe alisahau kulalamika.

"Hii imelowa," Mama Pete alisema polepole. "Siyo mara moja. Imelowa siku kadhaa, imenyonya kama sifongo. Huyu mzee alikuwa anavaa sumu yake kila asubuhi. Hakusikia harufu?"

"Pua yake ilikufa siku nyingi, iko kwenye jalada la hospitali," Kupe alisema. "Glasi. Pima glasi. Humo ndimo meno yalimolala."

Mama Pete alipima. Kisha akapima tena. Kisha akavua miwani zote mbili, akamtazama Kupe kama aliyeletewa mzaha.

"Hamna kitu ndani ya glasi hii. Si sumu tu. Hata vidonge vya kusafishia meno hamna, na vile huacha ukoko usiotoka. Alikitumia chombo hiki muda gani?"

"Kwa maelezo ya mdogo wake, miaka minne. Kila siku."

"Huyo mdogo wake ni mwongo au amesahau. Glasi hii haijawahi kulaza jino."

Kupe alisimama. Hapo ndipo alipoganda, kama wenzake walivyomjua. "Ipime nje. Kila mahali. Hasa chini."

Chini ya glasi kulikuwa na utando. Jicho halikuuona, kidole hakikuusikia, ila mvumo ulishuka, na kibonde kilipotokea Mama Pete aligonga meza yake mwenyewe, ile aliyokataza isiguswe. "Gundi ya lebo! Huyu namjua, aliwahi kuniharibia kazi ya miezi miwili, kisa nilibandika vibandiko kwenye sahani zangu." Akakata vipande vidogo vya mpira laini, akavigusisha chini ya glasi sehemu thelathini na sita, kimoja kimoja, na kila kimoja akakipeleka kwenye chipu yake. Kazi hiyo ilikula asubuhi yote. Kupe alikaa kwenye kigoda bila kusogea, akijaza tarakimu kwenye karatasi ya miraba aliyopewa. Zilipotimia, alichora mstari kuzunguka zile kubwa. Ukatokea mraba uliokatwa pembe moja.

Sajenti aliinamia karatasi, mikono ameificha nyuma. "Hiyo lebo naijua," alisema. "Duka la vyombo, karibu na stendi. Mke wangu huiloweka usiku kucha na bado inanata. Tuna sahani kumi na mbili zote zina pembe iliyokatwa."

"Unaona faida ya kutokufa kwenye ngazi?" Kupe alisema.

Kabla hawajawasha gari alipiga simu mahabusu ya wanawake. Ilichukua dakika saba Mama Pacha kuletwa. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mama Pacha, ni mimi, Inspekta. Ile glasi ya meno ya mzee, uliwahi kuibadilisha?"

"Mimi? Wee! Chumba cha baba sijui hata kitanda kimeelekea wapi. Hakutaka nimwone bila meno. Asubuhi akiniita alikuwa anafunika mdomo kwa leso mpaka ayavae."

"Nani alikuwa anamwekea maji ya meno?"

"Baba Mdogo. Kila jioni wakimaliza karata. Huyo tu ndiye aliyeruhusiwa, kwa kuwa ni mdogo wake."

"Na siku ile alipofariki?"

"Nilimwita Baba Mdogo, akaja mbio. Akaingia peke yake, akafunga mlango, akasema anamsitiri kaka yake." Kisha akashusha sauti. "Inspekta, pacha wangu umewaona?"

"Jana. Wamekula, wamenivuta nywele. Swali la mwisho. Mzee aliwahi kusema neno lolote kuhusu nyumba?"

"Alisema Jumatatu ataiandikisha kwa majina ya watoto. Jumapili akafa. Baba Mdogo alizaliwa kwenye nyumba ile, aliumia, lakini alinyamaza. Kwani vipi?"

"Jikaze," Kupe alisema. "Jikaze mpaka jioni."

Saa nane na robo walikuwa dukani. Mwenye duka, mama mnene aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliitazama glasi kupitia mfuko wake wa nailoni bila hata kuishika.

"Yangu hiyo. Zinakuja sita sita."

"Unauza moja moja?"

"Nikiuza moja, zile tano nimpe nani?" Alicheka, kisha akakunja uso. "Ngoja. Kuna mzee alinisumbua hapa kwa hilohilo. Ilikuwa Ijumaa, kama wiki mbili hivi, nilikuwa napaka rangi mlango. Mwembamba, kofia ya sufu ya kijivu. Anataka moja. Namwambia sita. Anasema moja. Kanikalia kooni robo saa nzima! Mwisho kachukua boksi zima huku ananuna, tena akaniomba kamba iliyofungia boksi jingine la pembeni. Kamba! Mtu mzima!"

"Ukimwona utamtambua?"

"Rangi yangu ya mlango, ya bluu, aliigusa, ikamwingia kwenye kofia. Nitamtambua yeye na kofia."

Garini Sajenti hakugeuza ufunguo. "Tumkamate?"

"Kwa kununua glasi? Atasema alimnunulia nduguye mpya, akasahau kutuambia. Wakili wake atasema meno yalitiwa sumu jikoni." Kupe alikuwa akiitazama ile glasi mapajani. "Nataka ile ya zamani. Ile yenye ukoko."

"Ameshaitupa hiyo, Inspekta. Siku kumi na moja!"

"Mtu aliyeomba kamba?"

Sajenti alifikiri kidogo, akawasha gari.

Baba Mdogo aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili, kofia ya kijivu kichwani, na upande wa kulia wa kofia kulikuwa na alama ya bluu. Kupe aliamkia kwa adabu zote, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya msiba. Sebule yake ilikuwa safi, lakini hapakuwa na pa kukanyaga. Magazeti yalipangwa mpaka kimo cha dirisha. Chupa tupu zilisimama kwa ukubwa. Kwenye msumari kulining'inia vifundo vya kamba, vimeviringishwa vizuri, vingine si virefu kuliko kiganja.

"Msishangae, wanangu," alisema. "Mama yetu alitulea hivyo mimi na marehemu kaka. Kitu kizima hakitupwi. Kaeni, niwaletee maji."

"Tutashukuru, baba," Kupe alisema.

Alileta glasi tatu kwenye sinia. Sajenti, aliyekuwa na kiu tangu ngazi arobaini na tatu, aliinua yake, akakutana na macho ya Kupe, akaishusha.

"Baba, nisaidie jambo moja nifunge jalada," Kupe alisema, akatoa daftari. "Ile glasi iliyokuwa kando ya kitanda cha marehemu. Ni ileile ya siku zote?"

"Ileile. Miaka minne. Nilikuwa namwekea maji kwa mkono wangu huu."

"Hukuibadilisha, wala hukumnunulia nyingine?"

"Ya nini, na ile ilikuwa nzima?"

Kupe aliandika neno kwa neno, akamsomea, mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akainua glasi yake kwenye mwanga. "Hizi ni nzuri. Na hizi ni mpya?"

"Hizo ni zangu. Nimezinunua majuzi, kwa wageni wa msiba."

"Zinakuja ngapi?"

"Boksi la sita."

"Ukavunja ngapi? Maana kwangu boksi halimalizi wiki."

Hapo fahari ilimponza. Alijinyoosha, akafungua kabati la vioo nyuma yake. "Mimi sivunji kitu, binti yangu. Hesabu. Tatu hizo mezani. Mbili hizi hapa mbele. Na moja ile kule nyuma, kwenye kona. Sita kamili."

"Sita kamili," Kupe alirudia. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa mfuko wa nailoni wenye muhuri wa kielelezo, akauweka taratibu katikati ya sinia. Glasi iliyokuwa ndani ilifanana na zile tatu kama mapacha. "Hii ilitoka chumbani kwa kaka yako. Chini yake kuna gundi ya lebo ya duka la karibu na stendi. Mwenye duka anasema Ijumaa, siku mbili kabla ya huo msiba, ulitaka moja, akakupa sita. Sita ziko kwako. Hii ni ya saba, baba. Moja kati ya zote hizi haikutoka dukani."

Macho ya Baba Mdogo yalikwenda yenyewe kwenye kabati, kwenye ile glasi iliyofichwa kona ya nyuma. Yalikaa pale kitambo kidogo tu. Sajenti aliona, Kupe aliona, na mzee mwenyewe aliona kwamba wameona.

"Usiiguse," Kupe alimwambia Sajenti, aliyekuwa ameshasimama. "Vaa glavu kwanza. Kumbuka ile losheni yako."

"Nimeiosha mara nne," Baba Mdogo alisema. Sauti ya msiba ilikuwa imemtoka, imebaki sauti ya mtu aliyechoka. "Kwa maji ya moto. Haina kitu."

"Ina kitu. Yupo mama mmoja atanionyesha."

"Nyumba ile nimezaliwa mimi. Anakwenda kuiandika kwa watoto wa mwanamke aliyekuja juzi."

"Una haki ya kunyamaza, baba. Ukisema, nitaandika."

"Siku ile nilitoka nayo chumbani kwake mfukoni, nikataka kuitupa kwenye shimo la taka. Nilifika mpaka ukingoni." Alitazama mikono yake kwa mshangao wa kweli. "Lakini haina ufa. Haina hata mkwaruzo. Glasi nzima, mtu anaitupaje?"

Kupe aliandika hilo pia. Sajenti aliitoa glasi kwa ncha za vidole, akaitia kwenye mfuko wa kielelezo, akaiweka ndani ya boksi pamoja na zile nyingine, na boksi likakataa kufunga. Baba Mdogo alimtazama akihangaika nalo. Kisha, bila kuambiwa, akanyoosha mkono msumarini, akachagua kamba yenye urefu wa kutosha, akampa.

Saa kumi na nusu Kupe alisimama barazani akipiga simu, huku Sajenti akimshusha mzee ngazi mbili za mlango kwa mkono. Alianza na mahabusu ya wanawake, Mkuu angesubiri. Mama Pacha alipofika kwenye simu hakusema haloo.

"Imekuwaje?"

"Nimekipata chombo. Leo mama wa chuo anakipima, kesho husomewi shtaka lolote. Ukitoka nitakuwa getini na watoto."

Kilio kilichotoka upande wa pili kilimlazimu Kupe aiondoe simu sikioni, kisha akairudisha, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani, Inspekta?" Mama Pacha aliuliza alipopata pumzi. "Nani alimfanyia baba hivi?"

Kupe aligeuka akatazama garini. Mzee alikuwa amekaa kiti cha nyuma, boksi limefungwa vizuri kwa kamba yake mwenyewe kwenye kiti cha mbele, mbali na mikono yake.

"Yule aliyekuwa akimwekea maji," alisema.